Mstari wa Kumi na Nne

Bibi alikataa kuondoka kwenye benchi. Karani alimwambia mara mbili kwamba polisi wakipata chochote watamfuata nyumbani kwa gari, naye akajibu kwa upole kwamba nyumbani hana anachofanya, afadhali asubiri hapa hapa. Kwa hiyo asubuhi ile ya Alhamisi Inspekta alifanya kazi na yule bibi kizee nyuma yake, mkoba mapajani, miguu haigusi sakafu vizuri, akiitazama kompyuta kama mtu anayetazama mlango wa wodi akingoja daktari atoke.

Ofisi ya Umoja wa Familia ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo. Meza mbili, kabati la chuma, benchi, na ukutani picha ishirini na tatu. Hao ndio walioteketea kiwanda cha nguo kiliposhika moto mwaka uliopita. Moto ulianzia kwenye marobota ya vitambaa, na watu wa chumba cha kushonea walipokimbilia mlango wa nyuma waliukuta umefungwa. Ulifungwa kwa amri ya nani, hilo ndilo ambalo tume ya uchunguzi ingelisikiliza Jumatatu ijayo.

Ushahidi wa watu wa chumba kile ulikuwa kwenye tovuti ya Umoja, kurasa zake zimefungwa kwa neno la siri mpaka tume ikae. Aliyeijenga tovuti hiyo ni mwanamume ambaye mkewe alikuwa picha ya nne kutoka kushoto. Watu walimwita Fundi, maana hapakuwa na redio wala mashine iliyowahi kumshinda. Baada ya kumzika mkewe alizunguka nyumba kwa nyumba na kinasa sauti kidogo, akirekodi, akipandisha sauti kwenye tovuti, kisha akikifuta kinasa ili kimtoshe mtu mwingine. Mjukuu wa Bibi alirekodiwa naye hospitalini, siku mbili kabla binti huyo hajafa. Dakika sita na sekunde arobaini. Tangu hapo, kila Jumanne Bibi alipanda ngazi za ofisi, Karani akamfungulia ukurasa, akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda zake.

Jumanne ya wiki hii ukurasa haukuwepo. Na Fundi wa kuulizwa alikuwa kaburini wiki nzima sasa. Moyo ulimsimama Jumapili tarehe tatu, amekaa kibarazani kwake anakata kucha.

Bibi hakupiga kelele. Kesho yake alikwenda kituo cha polisi kwa miguu, akasimama mbele ya kaunta, akasema ameibiwa. Alipoulizwa ameibiwa nini, alisema sauti. Askari wa zamu alitaka kumrudisha nyumbani. Inspekta, aliyekuwa anapita na jalada mkononi, alisimama na kumwomba arudie.

Sasa mtaalamu wa kompyuta wa kituo, ambaye kila mtu alimwita Miwani, alikuwa amekaa kwenye kiti cha Karani kwa saa nzima. Aligeuka na kusema kazi imekwisha. Hakuna mwizi. Ni mashine yenyewe.

Alimpa Inspekta karatasi iliyotoka kwenye printa, yenye mistari kumi na tisa.

"Hii ni nini?"

"Skripti, afande. Ni maagizo. Mtu anaiandikia mashine mistari michache, anaitegea saa, basi, hana haja ya kukumbuka tena. Kila siku saa kumi na moja alfajiri inaamka yenyewe. Inakusanya kila kilichomo kwenye tovuti, inakifunga kuwa faili moja kama mtu anayefunga mizigo, inaandika tarehe juu yake na kuuweka mzigo kwenye diski ile pale ya akiba. Mzigo ukifikisha siku saba, inaufuta. Diski ni ndogo, ingejaa."

"Kwa hiyo skripti ndiyo iliyofuta sauti."

"Ndivyo ninavyoona."

Inspekta hakuwa mtu wa kompyuta. Ripoti zake aliziandika kwa mkono, na vijana wa kituoni walimtania kwa hilo. Lakini alikuwa na tabia moja iliyowachosha mawakili: hakuruka mstari. Aliisoma karatasi kuanzia juu, kidole kikifuata.

"Inafuta mizigo," alisema, "au inafuta nyumba?"

Miwani aliitazama karatasi tena. Akavua miwani yake na kuifuta kwa pindo la shati.

"Mizigo," alisema. "Nyumba, yaani tovuti yenyewe, haiigusi."

"Basi nyumbani aliingia mtu."

Ilichukua dakika ishirini nyingine. Skripti ya Fundi iliacha rekodi kila alfajiri: tarehe, saa, na uzito wa mzigo uliofungwa. Inspekta aliomba uzito wa mwezi mzima asomewe mmoja mmoja, naye akauandika daftarini kwa safu. Siku zote ulikuwa megabaiti mia nne na kumi na mbili, bila kupanda wala kushuka, kwa sababu tangu mwezi uliotangulia hapakuwa na shahidi mpya. Jumanne tarehe tano, mia nne na kumi na mbili. Jumatano tarehe sita, mia tatu na tisini na tisa. Na hivyo hivyo mpaka leo.

Kati ya alfajiri hizo mbili kuna mchana mmoja. Miwani alipotafuta kwenye rekodi za tovuti yenyewe alikuta kitendo kimoja tu siku hiyo ya Jumanne, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi: ukurasa mmoja umefutwa, pamoja na sauti yake. Kompyuta iliyotumika ni hii hii aliyokuwa ameikalia.

Mzigo wa mwisho wenye sauti ulifikisha siku saba Jumanne tarehe kumi na mbili. Skripti ikaufuta saa kumi na moja alfajiri, kama ilivyoagizwa. Ofisi ilifunguliwa saa mbili, Bibi akafika saa mbili na nusu.

Inspekta alimtazama Karani, mwanamke wa makamo aliyefiwa na mdogo wake kwenye moto ule. Alimwomba watoke nje kidogo.

Kwenye ngazi, Karani aliulizwa alikuwa wapi saa tatu ya Jumanne ile. Alijibu bila kusita kwamba alikuwa msibani kwa Fundi tangu alfajiri, na wanawake wenzake wasiopungua thelathini. Siku hiyo ndiyo waliyomzika. Umoja wote ulikuwa huko. Neno la siri? Liliandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi, Fundi mwenyewe aliliandika kwa sababu Karani alilisahau kila wiki. Funguo za ofisi? Ziko mbili. Mmoja huu hapa shingoni, wa pili anao Mzee Funguo.

"Huyo ni nani?"

"Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda. Miaka ishirini na nane. Alikuwa anatembea na funguo zote za kiwanda kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Baada ya moto alikuja mwenyewe kwenye Umoja, akasema hana mtu aliyemfia ila wote walikuwa wake. Tukampa ufunguo. Tungempa nani mwingine?"

"Na hiyo sauti, inasema nini?"

Karani alitazama mlango wa ofisi, akashusha sauti. Bibi aliijua yote kwa moyo, alisema, lakini hakutaka kuyasema maneno yale mwenyewe. Alikuwa anasema yakitoka kwake yanakuwa maneno ya mtu mwingine. Kwa kifupi binti alieleza kwamba Ijumaa, siku tatu kabla ya moto, alimwona Meneja amesimama mlango wa nyuma na mtu anabadilisha kitasa. Wafanyakazi walikuwa wanatoka na vipande vya nguo, Meneja akataka ufunguo awe nao yeye peke yake. Hakumwambia mtunza stoo. Moto ulipowaka, Mzee Funguo alizunguka nje akaja kujaribu kuwafungulia, kwa funguo zake za zamani.

"Kuna shahidi mwingine aliyeona kitasa kikibadilishwa?"

"Hakuna. Wengine waliokuwa karibu na ule mlango ndio hao ukutani."

Basi aliyefaidika alijulikana. Inspekta aliandika jina la cheo tu, Meneja, akalipigia mstari. Lakini mlango wa ofisi haukuvunjwa, dirisha lilikuwa na nondo, na Meneja hakuwa na ufunguo. Mwenye ufunguo alikuwa mzee ambaye sauti ile ndiyo iliyomtetea. Mtu hafuti utetezi wake mwenyewe. Aliandika hilo pia, akaweka alama ya kuuliza pembeni.

"Ofisi ilifungwa siku ngapi baada ya mazishi?"

"Saba. Kuanzia Jumanne yenyewe hadi Jumatatu."

"Kwa nini saba?"

Karani alifikiri. Wengi walisema tatu zinatosha, maana tume ilikuwa karibu na kazi zilikuwa nyingi. Ni Mzee Funguo aliyesimama, yeye ambaye hasemi kwenye vikao, akasema siku tatu ni chache kwa mtu kama Fundi. Watu wakaona haya, wakakubali. Tangazo la mlangoni aliliandika yeye.

"Na mazishini alikuwepo?"

"Alikuja tumeshafukia. Alisema baiskeli ilipata pancha." Karani alishika ukingo wa ngazi. "Afande, usiende huko. Yule mzee anamchotea Bibi maji kila siku. Mwaka mzima."

Inspekta aliuliza swali moja la mwisho, nalo aliliuliza polepole. Je, Mzee Funguo aliwahi kuisikiliza sauti ile? Karani alisema bila shaka, wote waliisikia, Fundi aliipiga kwenye kikao mbele ya wanachama wote. Halafu akakunja uso. Hapana, ngoja. Siku ile Mzee Funguo alitoka nje. Alisema bawaba ya mlango inalia, akatoka na bisibisi kwenda kuitengeneza. Watu walilia humu ndani, na yeye alikuwa nje anagonga.

"Na baada ya hapo, hakuna aliyemwambia?"

"Utamwambiaje mtu jambo kama lile? Tulijua anajua. Tulimwonea huruma tukanyamaza."

Inspekta alirudi ndani. Bibi alimuuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa kwamba bado. Aliketi, akaichukua tena ile karatasi ya mistari kumi na tisa, kwa sababu alikuwa ameishia wa nane.

Mistari mingine ilianza kwa alama ya reli, #. Miwani alimweleza kwamba hiyo mashine huiruka. Aliyeandika anawaandikia watu watakaokuja baadaye. Fundi alikuwa amejaza maelezo yake kwa Kiswahili cha mazungumzo. *Hapa tunakusanya sauti zote, usiache hata moja.* Mstari mwingine: *Tarehe iandikwe vizuri, wasije wakatubishia.* Inspekta aliyasoma kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza tangu apokee jalada hili akajisikia kama aliwahi kukutana na marehemu.

Mstari wa kumi na tatu ulisema: *Nakala ya nyumbani. Ikishindikana endelea, usisimame.*

"Wa kumi na nne unafanya nini?"

Miwani aliinama. Alisema unatuma mzigo ule ule kwenye mashine nyingine, mahali pengine. Aliuona asubuhi, akadhani ni jambo ambalo Fundi alilianza hakulimaliza, maana kila alfajiri rekodi inaandika kwamba mashine hiyo haipatikani.

"Tangu lini haipatikani?"

Alitafuta. "Tangu tarehe tano."

"Na tarehe nne?"

"Tarehe nne ilipokea." Miwani alisimama kabla hajamaliza kusema.

Nyumba ya Fundi ilikuwa mtaa wa tatu kutoka hapo, vyumba viwili na kibaraza. Dada yake mkubwa, aliyekuja kwa msiba na bado hajaweza kuondoka, aliwapokea na kuwaonyesha chumba cha nyuma bila kuuliza maswali. Palikuwa na cherehani iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Pembeni yake, juu ya meza ile ile, kompyuta ya zamani isiyo na mfuniko, nyaya zake zikiwa nje, waya wa umeme umeviringishwa vizuri na kuwekwa juu yake.

Dada mtu alieleza kwamba Jumatatu ile asubuhi, watu walipoanza kujaa, walitaka chumba hiki wanawake wakae. Hiki kisanduku kilikuwa kinavuma, kinawasumbua waliokuwa wanalia. Ni yeye aliyekichomoa. Aliomba radhi kama ameharibu kitu.

"Hujakiwasha tena?"

"Jana nilitaka. Nilikuwa nimeshashika waya." Alitazama chini. "Mdogo wangu alikuwa analala na huo mvumo. Nikaona nikikiwasha nyumba itakuwa kama ina mtu. Halafu nikashindwa, nikauviringisha tena."

Miwani alikaa juu ya kitanda kilichokuwa nyuma yake. Alimweleza Inspekta kwa sauti ndogo kwamba, kama skripti ilivyoonyesha, mashine hii nayo ilikuwa na agizo lake la kufuta mizigo iliyofikisha siku saba. Ilipozimwa, hesabu yake ya asubuhi ilisimama. Ingewashwa jana, leo alfajiri ingeamka, ingetazama tarehe, ingeona mizigo yote imepitwa na wakati, ingeisafisha.

Walizikagua nyaya kwanza, wakachomoa wa mtandao, kisha ndipo wakaiwasha. Mvumo ulianza. Dada mtu alitoka nje. Kwenye kioo yalijipanga mafaili saba, la mwisho la tarehe nne, megabaiti mia nne na kumi na mbili. Miwani aliyanakili mara mbili, kwenye diski mbili tofauti, na kila nakala Inspekta aliifunga kwenye bahasha, akaandika saa, akasaini, akamwomba dada wa marehemu naye asaini kama shahidi.

Alipaswa kuisikiliza pale pale. Hakuisikiliza. Walirudi ofisini kwanza, Miwani akafungua mzigo, akamvisha Bibi vile visikizi vya masikioni, akabonyeza. Bibi alisikiliza dakika zote sita na sekunde arobaini akiwa ameshika ukingo wa meza. Mwishoni alivivua, akaukunja waya wake, akamrudishia Miwani kwa mikono miwili. Akasema sasa anaweza kwenda nyumbani.

Ndipo Inspekta akasikiliza.

Saa tisa mchana aliegesha gari mbele ya nyumba ya Mzee Funguo. Baiskeli iliegemea ukuta. Kabla ya kubisha hodi Inspekta alichuchumaa, akatoa upepo kwenye matairi yote mawili, akavuta mipira ya ndani na kuipitisha vidoleni, mmoja baada ya mwingine. Hakukuta kiraka hata kimoja.

Mzee Funguo alikuwa ndani, mbele ya meza yenye vitasa vilivyofunguliwa. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini na kitu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Aliona mikono ya Inspekta ina vumbi la tairi, akaelewa. Alimkaribisha kiti. Yeye akabaki amesimama.

"Ni nani aliyekufundisha kwamba nakala zinakaa siku saba?" Inspekta aliuliza.

"Fundi mwenyewe. Tulikuwa tunakunywa chai, ananieleza. Alikuwa anajivunia kile kitu chake kama mtoto. Alisema, mzee, kesho nikifa hii itaendelea kufanya kazi." Alipangusa meza kwa kiganja. "Akafa kweli."

Hakukana kitu. Alisema Jumatatu tarehe nne Meneja alikuja kwake hapa, kwa mara ya kwanza tangu moto. Alimwambia amesikia kutoka kwa mtu aliyeisikia ile sauti ya binti. Binti anamtaja mtunza stoo kwa jina. Anasema mtunza stoo alifika mlangoni, akawaacha, akakimbia. Tume ikisikia hivyo, Meneja alisema, atakayefungwa si yeye. Hakumwamrisha afanye lolote. Alisema tu kwamba anamwonea huruma kwa umri wake, akaondoka.

"Nawe ukaamini."

"Kwa sababu ni kweli." Mzee alisema hivyo bila kuinua sauti. "Nilifika. Nilikuwa na funguo thelathini na moja. Moshi ulikuwa mwingi, sioni, nikawa nazijaribu kwa kuhesabu nisije nikarudia ule ule. Nilifika wa ishirini na sita. Wanapiga kelele ndani, wananiita jina langu. Nikashindwa kupumua. Nikakimbia. Zilibaki tano, afande. Kila siku nauliza ulikuwa upi katika zile tano."

Inspekta alikuwa ameandika neno kwa neno. Aliweka kalamu chini.

"Hukuisikiliza."

"Ningeisikilizaje?"

Inspekta alitoa simu, ambayo Miwani alikuwa ameiwekea nakala ya sauti, akaiweka mezani kati ya vitasa. Mzee alirudi nyuma hatua moja, akasema hapana, amchukue tu, ameshakiri, kuna haja gani. Inspekta alimwambia si haja ya polisi. Akabonyeza mahali alipokuwa amepaweka tayari, dakika ya tano.

Sauti ilikuwa ya msichana anayepumua kwa shida, anapumzika kila baada ya maneno machache. Nyuma yake kulisikika magurudumu ya kitanda yakipita.

"…tukamsikia Mzee Funguo upande wa pili. Anahesabu. Kumi na nane, kumi na tisa. Mimi nikawaambia wenzangu, hakuna utakaofungua hapo. Kitasa ni kipya, nilikiona Ijumaa. Meneja anao wake. Mzee hajui. Tukasema, atakufa bure. Tukaanza kupiga kelele wote. Mzee Funguo, ondoka. Ondoka, mzee. Yeye anaendelea tu. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Halafu akanyamaza. Tukajua ameenda. Nilifurahi. Mwambieni… mwambieni tulifurahi alipoenda."

Inspekta alizima. Mzee Funguo alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, bila Inspekta kuona alikaa saa ngapi. Gari la maji lilipita barabarani, mtu akaita mwenzake, kukatulia tena.

"Nilidhani wananiita," alisema.

Baadaye aliomba maji, akanywa, akaosha uso. Alitoa maelezo yake yote upya, ya kitasa, ya Meneja kuja nyumbani kwake, tarehe na saa, mpaka shati alilovaa. Inspekta alimsomea, naye akasaini kila ukurasa. Alimweleza pia kwamba itabidi aende naye kituoni, kwa sababu kuharibu ushahidi ni kosa hata kama ushahidi umepatikana, na kwamba ataandika pia jinsi alivyokiri. Mzee alisema ni haki. Akaomba jambo moja: wapite kwa Bibi kwanza, amwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa watu.

Inspekta alifikiria kanuni, akafungua mlango wa mbele wa gari badala ya ule wa nyuma.

Walimkuta Bibi mlangoni pake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele. Mzee Funguo hakukaribia. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akasema ni yeye aliyefuta. Akasema kwa nini. Alisema kwa sentensi tatu au nne, akasahau nyingine, akarudi nyuma, akamaliza.

Bibi aliweka ungo chini. Inspekta alitazama pembeni, kwenye ndoo mbili za maji zilizofunikwa karibu na kizingiti, zimejaa.

"Kila ukija kunichotea maji," Bibi alisema, "nilikuwa najua umetoka pale mlangoni, kwenye ule moshi. Ndiyo maana nilikuwa nakukaribisha. Nilidhani unajua, mwanangu. Mwaka mzima nilidhani umemsikia kama sisi tulivyomsikia."

Mzee naye akazitazama zile ndoo.

Bibi hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Alimgeukia Inspekta, akauliza kama Jumatatu, mbele ya tume, wataipiga ile sauti kwa nguvu, chumba kizima kisikie. Inspekta alisema ndiyo, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na Meneja atakuwepo.

"Na huyu mtamleta?"

"Tutamleta."

Bibi alikokota kigoda chake pembeni kidogo, akainuka kwa kushika ukuta.

"Basi mkalisheni mbele," alisema. "Mjukuu wangu alikuwa haongei kwa sauti kubwa."